Kiongozi Mpole Aliyeandika Kazi Yote Peke Yake

Nikiwa chuoni niliongoza vikundi kadhaa vya kazi za darasani, na kwa muda mrefu nilijivunia kwamba hakuna kazi yetu hata moja iliyochelewa kukusanywa. Haikuchelewa kwa sababu usiku wa kuamkia siku ya mwisho niliketi peke yangu nikiandika upya sehemu zisizoniridhisha na kujaza zile ambazo hazikuletwa kabisa, kisha majina ya wote yakapangwa kwenye jalada kana kwamba tulishirikiana. Nilijiita kiongozi shirikishi. Ukweli ni kwamba niliamua kila kitu mwenyewe, ila sikuwa na ukali wa kuwafanya wenzangu walitambue hilo na kulipinga.

Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha matokeo ya utafiti juu ya vikundi vya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi, walioongozwa kwa mitindo mitatu: wa kiimla, wa kidemokrasia, na ule wa kumwachia kila mtu afanye apendavyo. Kinachonigusa ni yale yaliyotokea kiongozi alipotoka chumbani, kwani waliozoea kuamriwa walizembea mara moja, ilhali waliozoea kushirikishwa waliendelea na kazi. Mimi nilitoka chumbani kwa kuugua wiki moja, na niliporudi nilikuta faili letu halijaguswa. Nilipomuuliza mwenzangu mmoja sababu, alinijibu bila hasira yoyote: “Si ungeiandika upya hata hivyo?”

Jibu hilo lilinifanya niwatazame upya wale tunaowaita wategaji. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann, katika majaribio ya kuvuta kamba aliyoyachapisha mwaka 1913, alionyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja unavyopungua. Watafiti wa baadaye waliotumia kelele na makofi badala ya kamba waliona kwamba watu hulegea zaidi wanapojua kuwa mchango wao hauwezi kutofautishwa na wa wengine. Sasa fikiria kikundi ambacho kiongozi hufuta alama zote za kazi ya mtu kabla haijasomwa na yeyote. Uvivu upo, sikatai, lakini mwingine niliupalilia mwenyewe kwa mikono yangu, nikiudhani kuwa ni huruma.

Upande wa mawasiliano nilikuwa na kosa lililofanana na hilo. Katika kundi letu la WhatsApp niliuliza “Tuko pamoja?” na kupokea “sawa” tano na dole gumba moja, jambo ambalo nililihesabu kuwa makubaliano. “Sawa” ya namna hiyo humaanisha tu kwamba ujumbe umeonekana, na pengine hata hilo si hakika. Isitoshe, watu watano wana jozi 10 za mazungumzo ya pembeni na wanane wana 28, kwa hiyo uamuzi usioandikwa mahali pamoja hugeuka matoleo mengi kabla ya jioni. Nilianza kumuuliza kila mmoja, mbele ya wote, ataleta nini na siku gani, nikayaandika majibu yao kwa maneno yao wenyewe. Waliokwama niliwafuata faraghani, maana si kila mtu atakiri hadharani kwamba hakuelewa swali.

Najua pingamizi la wanaojali alama, kwa kuwa hata mimi nilizijali: kwa nini niadhibiwe kwa uzembe wa mwingine? Ndiyo sababu tulijiwekea tarehe yetu siku 3 kabla ya ile ya mhadhiri, na tukakubaliana mapema kwamba atakayenyamaza hadi siku hiyo tungemtaarifu mhadhiri, naye mwenyewe akijua.

Katika kikundi changu cha mwisho, mwenzetu mmoja alileta sehemu ambayo ningeiandika kwa namna nyingine kabisa. Nilimwonyesha takwimu mbili zilizokosewa, akazirekebisha, nami nikafunga kompyuta. Siku ya wasilisho mhadhiri alimkazia maswali juu ya sehemu hiyo, naye akayajibu yote, likiwemo moja ambalo mimi nisingeliweza. Bado naamini aya yake ya kwanza ilikuwa ndefu mno.