Hajaisha, Kahamishwa!

Hivi hapa Mtwara mtu anaweza kutazama mpira kwa amani kweli? Unatoa jero yako mlangoni mwa kibanda cha mpira, unabanwa kwenye benchi na jitu limebeba ming'oko na pilipili, joto la Desemba halina adabu, feni inazunguka ikijisikia. Dakika ya kumi tu, nyuma anachomoza mtaalamu: "Huyu kaisha! Starehe hizo!" Starehe gani, bwana? Kocha kamtoa katikati kampeleka pembeni, wewe umeona starehe.

Haya, tumchukue Aziz Ki, kiungo mshambuliaji wa Yanga wakati ule. Msimu wa 2022/23 Yanga ya kocha Nabi ilikuwa na mshambuliaji Mayele mbele. Mpira ukivuka katikati, kila jicho linamtafuta Mayele akikimbilia nyuma ya mabeki. Akamaliza na mabao 17, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Aziz Ki hata kumi hakufika, na humu kibandani tukaambiwa klabu imeuziwa mbuzi kwenye gunia. 2023 Mayele akaenda Pyramids ya Misri, kocha Gamondi akashika timu, na mbele hakukuwa tena na mtu mmoja wa kulishwa kila kitu. Mabeki wa kati wakawa hawajui wamkabe nani. Wakisogea mbele kumfuata namba kumi, Aziz Ki mwenyewe, wanaacha uwazi nyuma. Wakibaki, namba kumi anaingia boksi akiwa ametazama goli, na mpira unaorudishwa kutoka pembeni unamkuta hapo hapo kwenye mguu wa kushoto. Mabao 21, kiatu cha mfungaji bora chake. Mguu ni ule ule alioshuka nao uwanja wa ndege!

Mwaka 2024 kiungo Chama akatoka Simba akaja Jangwani, kwa Yanga. Kibanda kililipuka, bati likataka kung'oka. Mimi nikajiuliza: Pacome, kiungo mwingine wa Yanga, anataka mpira kati ya viungo na mabeki wa wapinzani, Aziz Ki anautaka hapo hapo, Chama naye hapo hapo, na wote wanautaka mguuni. Nani atakimbia bila mpira? Ukiwapanga wote, mmoja lazima asukumwe pembeni, na pembeni kuna kazi chafu. Beki wa wapinzani akipanda, wewe winga ndiye wa kumfuata hadi kwenye kibendera chako. Mita hamsini kushuka, hamsini kupanda. Fanya hivyo mara kadhaa pale Majaliwa, Ruangwa, saa kumi jioni, jua la Lindi bado linakung'ang'ania shingoni. Dakika ya 75 unapata nafasi, mguu hauna kitu, mpira unapaa. Benchi zima: "Karogwa!"

Na bado msimu ule ule wa 2024/25 makocha walikuwa watatu. Novemba Gamondi akaondoka, akaja Ramovic. Februari Ramovic naye huyoo Algeria, akaja Hamdi. Ramovic ndiye wa kaulimbiu ya "gusa, achia, twende kwao". Tamu sana kwa mshambuliaji kijana kama Mzize, maana mpira unakwenda mbele mapema kabla mabeki hawajajipanga, na yeye mbio anazo. Lakini kuna mchezaji ambaye uzuri wake ni kuutuliza, kutazama, kuzungusha mwili, ndipo apige. Huyo ukimwambia mguso wa pili mpira uwe umeshaondoka, umemnyang'anya zana. Ajabu, wale wale walioimba wimbo huo wiki nzima ndio wanauliza mbona siku hizi hapigi chenga. Ameambiwa aachie! Mlikuwa mnaimba nini?

Samatta ndiyo usiseme. Eti Uingereza ilimshinda. Genk ya Ubelgiji alizoea pasi za kupenya, anakimbilia uwazi. Januari 2020 akatua Aston Villa, timu inayopigania isishuke, imejaa nyuma. Mpira ukitoka unakwenda kwa Grealish kushoto, anautunza, anakata ndani, anachezewa faulo. Mshambuliaji keshakimbia, kasimama, kakimbia tena, kaotea. Mechi 14 za ligi, bao moja, Bournemouth, la kichwa. Lingine fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City pale Wembley, kichwa tena, mpira umetoka pembeni. Alipoletewa krosi alifunga. Msimu mzima uliobaki mlitaka ajipigie mwenyewe kisha auwahi?

Siwakatazi kusema mtu kaisha. Wapo wanaoisha. Ila robo saa ya kwanza acheni kuukodolea macho mpira, mtazameni yeye. Anapokea akiwa amegeukia goli au ameligeuzia mgongo? Kuna beki wa pembeni anayepanda kumzunguka ili mkabaji wa pili aondoke, au yuko peke yake na watu wawili? Kona na faulo bado anapiga yeye? Kama anapokea pale pale pa zamani, uso golini, mbele yake mtu mmoja, na bado ananyang'anywa kila siku, hapo na mimi naungana nanyi, kaisha.

Lakini nani atazame? Malipo ya korosho yakiingia, watu wanakimbilia mkeka wa kubeti: fulani atafunga. Kikosi kinatoka saa zima kabla ya mechi, jina lake limepangwa kiungo wa chini, hakuna anayesoma. Mkeka ukichanika, eti mechi imeuzwa.