Mama akiandika "Sawa." hajakasirika jamani

Mwezi wa nne mvua ilikuwa imekamata tangu alfajiri, na si mnaijua Jangwani hapa Dar ikijaa maji, hupiti, mi niko Kimara mama yuko Mbagala, nikamtumia meseji kwamba mama wikiendi hii siwezi kuja ntakuja wiki ijayo. Akajibu "Sawa." Basi. Sawa na nukta yake. Aisee ile nukta nilikaa nayo siku tatu, naifungua meseji naifunga, nawaza nimemkosea nini, au ni ile hela ya dawa niliyochelewesha, au kuna jirani kamwambia kitu, mpaka Jumanne nikashindwa nikapiga.

"Mama shikamoo. Umenikasirikia?"

"Marahaba. Nimekasirika nini tena mwanangu?"

"Si ulinijibu sawa tu."

"Umesema mvua, nikasema sawa. Ulitaka nisemeje?"

Sasa mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Miaka zaidi ya 30 kasahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu, sentensi isiyo na nukta ilikuwa anaizungushia duara. Siku ukimkuta anaandika meseji ndo utaelewa: miwani imeshuka puani, simu kaishika mbali na uso, kidole kimoja, anajisomea silabi kwa sauti ya chini "u-me-fi-ka sa-la-ma", akimaliza anaitafuta alama yake kwenye kibodi mpaka aipate, hatumi kabla hajaiweka. Anakuandikia kwa adabu. Anakupa meseji iliyokamilika. Na sisi tunaipokea kama kofi.

Kwanini tunaipokea hivo? Nadhani ni kwa sababu sisi kwenye kuchati sentensi tunaifunga kwa kutuma, ukibonyeza tu imeisha, kwa hiyo nukta haina tena kazi pale, na kitu kisicho na kazi mtu akikiweka unaanza kujiuliza kakiweka cha nini. Wala si sisi wa Dar peke yetu. Mwaka 2015 Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton kule Marekani waliwapa wanafunzi 126 wasome majibu mafupi ya neno moja moja, na yale yenye nukta yakaonekana hayajatoka moyoni sana kuliko yasiyo nayo. Ila majibu hayohayo yakiwa yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikubadilisha kitu. Hapo ndo mama alipo, yeye bado anaandika kwenye karatasi, sema tu karatasi yenyewe ina kioo.

Na Kiswahili chetu kinazidisha, maana sawa na haya ni maneno yanayoishi kwenye sauti. "Hayaaa" ya kuvuta ni ya upendo, "haya bwana" ni ya kukubali kishingo upande, "haya" kavu unajua kabisa hapa pameharibika. Kwenye simu sauti hakuna, ndo maana sisi tunavuta herufi, sawaaa, poaaa, tunabandika na emoji ya kucheka hata kama hakuna aliyecheka, yote hayo ni kumwambia mwenzio usiogope tuko vizuri. Wazee hawakulelewa hivo. Wao walianza na barua, natumaini hujambo, dhumuni la barua hii, na jambo likiwa la haraka ni telegramu posta, ambayo unalipia kwa neno, kwa hiyo maneno machache hayakuwa hasira, yalikuwa bei. Hata sisi tulioanza na SMS tulibanwa, herufi 160 ikizidi unakatwa ya pili, na vocha yenyewe umeikwangua ya mwisho. Ndo tukaja na zile cjui, 2po, xaxa, ambazo mdogo wangu wa miaka 19 akiziona anasema ni za kishamba. Sawa, na yeye zamu yake inakuja.

Huyohuyo mdogo wangu aliwahi kumwandikia mama "shkmoo ma naomba buku 5". Mama akajibu "Marahaba." akatuma na hela. Dogo akaja kwangu mbio, bro mama kanuna. Na mama nilipoongea naye alikuwa kweli ameumia, lakini hela wala haimo, aliniambia "huyu mtoto hata shikamoo ameila irabu, ananisalimia kama anafukuza nzi". Mnaona? Nukta ya mama inamuumiza dogo bila mama kujua, na salamu iliyokatwa ya dogo inamuumiza mama bila dogo kujua, na kila mmoja anaamini mwenzake ndo kaanza.

Kuna baba mdogo pia kwenye grupu la ukoo anaandika kila kitu kwa herufi kubwa, KESHO KIKAO SAA NNE KWA BABA MKUBWA, vijana wanasema anafoka. Nilimuuliza. Macho, basi. Herufi ndogo hazioni vizuri.

Mi naona mzigo wa kuelewa ni wetu sisi wadogo, na hapa sitaki kusema kila upande uvutane kidogo. Sisi tunajua kuandika kwa namna tatu nne, bosi ana yake, mshikaji ana yake, mchumba ana yake, tunashindwaje kusoma moja ya mama? Na ile tabia ya kupiga skrinshoti meseji ya mzazi ukaitupia status watu wacheke, inaniuma kweli. Yule mtu kaitafuta nukta kwa dakika nzima kwa ajili yako.

Dogo alitaka amfundishe mama asiweke nukta, nikamkatalia. Badala yake kamfundisha voisi noti. Sasa zinakuja za dakika nne, anaanza na hali ya kuku, anapita kwa majirani wote, anakuja kwenye jambo lenyewe, na "sawa mwanangu" yake ukiisikia ni laini mpaka unataka kupanda gari uende. Afu akimaliza kuaga anasahau kuachia kidole, unasikia jogoo, sufuria, na yeye anajiuliza kwa sauti ya chini, sa hii inazimwa wapi.