Siku za kusubiri mzigo, panda treni uende Guizhou

Kila ikifika mwezi wa sita naanza kupokea swali lilelile kutoka kwa watu wa Kariakoo waliopo Guangzhou: oda imeshalipiwa nusu, kiwanda kimesema kisubiriwe siku kumi na tano, sasa hizo siku nizipeleke wapi? Wengi hawazipeleki popote. Wanarudi chumbani Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi, wanawasha kiyoyozi, wanaagiza wali, jioni wanashuka kununua tikitimaji na kupanda tena. Nje kuna lile joto la Guangzhou la Julai lenye unyevu, ambalo shati linaloa kabla hujafika kituo cha metro. Siku zinakwenda na hela inakwenda nazo.

Hili linaniuma. Nimesoma China, na tangu nimalize nafanya ukalimani kwa wafanyabiashara wetu. Nimekutana na watu walioingia nchi ile mara kumi, kumi na mbili, na hawajawahi kuona mlima wake hata mmoja. Wanajua ghala, soko, ofisi ya wakala na uwanja wa ndege. Ukiwaambia watembee, wanadhani unawaambia wakatumie hela Beijing au Shanghai, ambako Julai na Agosti shule za China zimefungwa, hoteli zimepandisha bei na foleni haina mwisho. Mimi sisemi huko. Nasema Guizhou, tena kwa bajeti ileile ambayo ungeimalizia chumbani.

Reli ya mwendokasi kutoka Guangzhou hadi Guiyang, mji mkuu wa mkoa wa Guizhou, ilifunguliwa Desemba 2014. Ina kilomita 857. Kabla yake safari hiyo ilikula zaidi ya saa ishirini. Sasa ni kati ya saa nne na sita, kutegemea treni inasimama vituo vingapi. Wachina wana msemo wa zamani kuhusu mkoa huu: hakuna siku tatu mfululizo za jua, hakuna futi tatu za ardhi tambarare, hakuna mtu mwenye senti tatu mfukoni. Hilo la senti limebadilika sana. Hilo la ardhi utalihakikisha mwenyewe dirishani: handaki, mto, handaki, daraja, handaki tena.

Mwezi wa nane, siku moja, nilikuwa na mama mmoja anayeuza vitenge na mashuka. Mzigo wake ulikuwa umechelewa wiki nzima na alikuwa ameshachoka kuhesabu siku. Nikamwambia twende Zhaoxing, kijiji cha watu wa kabila la Dong, karibu na kituo cha Congjiang.

"Kijijini? Mwanangu, mimi nimetoka Kondoa nikakikimbia kijiji, leo nikifuate China?"

"Siku nne tu, mama. Ikikushinda tunarudi kesho yake."

Akafikiri. "Haya. Ila nikiugua huko utanibeba mgongoni."

Mabegi makubwa tuliyaacha mapokezi ya hoteli, tukarudisha ufunguo ili chumba kisiendelee kutuhesabia. Tiketi ya daraja la pili kwenda Congjiang haikufika yuan 300, na mwendo ulikuwa saa tatu na kitu. Kutoka kituoni ukachukua basi dogo na kwa muda usiozidi nusu saa uko kijijini. Kuna kiingilio, kilipe. Chumba cha vitanda viwili katika nyumba ya mbao, siku za katikati ya wiki, tulilipa yuan 120 kwa usiku. Kila mtu alitumia kama yuan 1,100 kwa safari nzima, nauli ya kwenda na kurudi ikiwemo. Mama alipiga hesabu kwenye daftari lake akaona ni karibu sawasawa na ambacho angetumia Guangzhou akiwa amelala.

Zhaoxing ina minara mitano ya ngoma, kila mmoja wa ukoo wake. Imejengwa kwa mbao zilizochomekwa bila misumari, paa juu ya paa, mpaka inachongoka. Chini yake wazee wanakaa kwenye mabenchi wakivuta tumbaku na kuzungumza, na mpita njia anakaribishwa akae. Tulikaa. Hakuna aliyetuuzia kitu.

Asubuhi ya kwanza tuliamshwa na mlio. Ti, ti, ti, bila kukatika. Mama akasema, "Hao wanatwanga." Tukashuka kuufuata. Nyuma ya nyumba ya pili tulimkuta bibi mmoja ameketi kwenye kigoda, mbele yake jiwe pana, juu ya jiwe kitambaa cha pamba kilichokunjwa, mkononi nyundo kubwa ya mti. Kitambaa hicho hutiwa nili, kikakauka, kikatiwa tena, kikapakwa ute wa yai, halafu hupigwa na kupigwa mpaka kinang'aa rangi ya zambarau iliyokolea, utadhani kimefunikwa na chuma chembamba.

Mama hakusubiri kukaribishwa. Alichuchumaa, akakisugua kitambaa kwa kidole gumba, akakinusa, kisha akakwaruza ukingo kwa ukucha kuona kama rangi inatoka. Ilitoka kidogo, ikabaki kwenye ukucha. Bibi akacheka akamkabidhi nyundo. Mama akapiga, kitambaa kikajikunja upande, bibi akamshika mkono akamwonyesha: nyundo inashuka bapa, kwa uzito wake yenyewe, haisukumwi. Bibi hakukijua Kichina cha shuleni. Mjukuu wake wa kike, mtoto wa darasa la tano hivi, akawa anatoa Kidong kwenda Kichina, nami natoa Kichina kwenda Kiswahili.

"Muulize jora moja linachukua muda gani," mama akasema bila kuinua kichwa.

Swali likaenda, jibu likarudi: wiki kadhaa, na mvua ikinyesha zaidi.

Mama alinyamaza muda mrefu, nyundo ikiendelea. Kisha akasema, "Na sisi kule tunalia mita moja kwa shilingi elfu tatu ni ghali."

Nimefanya naye kazi miaka, nimemsikia akibishana bei katika viwanda zaidi ya ishirini, na sijawahi kumwona anagusa kitambaa vile. Ndiyo maana nasisitiza safari hizi kwa watu wa biashara hasa. Mtu anayeishi kwa kununua na kuuza nguo anastahili kuona nguo ikizaliwa angalau mara moja, na nchi anayonunua inayo mahali pa kumwonyesha, saa tatu tu kutoka sokoni.

Jioni vijana na akina mama huimba ule wimbo mkuu wa Kidong, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Hakuna ala, hakuna anayeongoza kwa mkono. Sauti zinagawanyika, wengine wanashikilia chini, wengine wanapanda juu wakiiga mlio wa nyenje. Ni kweli onyesho hili linaandaliwa kwa ajili ya wageni. Lakini wanaoimba ndio waliokuwa wakianika mpunga mchana, na nyenje wenyewe walikuwa kwenye miti wakiimba pamoja nao.

Niseme ukweli kuhusu joto, kwa sababu watu huambiwa Guizhou ni baridi kote. Guiyang iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na wastani wake wa Julai ni kama nyuzi 24. Hapo utalala bila kiyoyozi. Wazee wa Chongqing, mji ambao pamoja na Wuhan nilikosoma Wachina huuita tanuri, hupanda kwenda Tongzi, kaskazini mwa Guizhou, wakapanga vyumba majira yote ya joto. Zhaoxing iko bondeni. Mchana jua linachoma sawasawa, unapata nafuu usiku na kwenye kivuli cha mnara. Na mvua ni nyingi, hasa Juni. Mwaka 2025 mwishoni mwa Juni mji wa Rongjiang, jirani na Congjiang, ulifurika mpaka uwanja wake wa mpira ukazama.

Na uwanja huo ndio sababu ya pili ya kwenda. Mei 2023 Rongjiang walianzisha ligi ya vijiji, timu 20, wachezaji wakiwa wakulima, mafundi, madereva na wauza samaki. Kuingia ni bure. Washindi wanapewa mifugo. Mtu wa Tanzania hahitaji kuelezwa: ni ligi ya mbuzi, ileile tuliyokulia nayo, isipokuwa hapa maelfu kwa maelfu ya watu wamefunga safari kuja kuitazama, na wakati wa mapumziko wanakijiji wanaingia uwanjani na mavazi ya fedha na ngoma. Shuka kituo cha Rongjiang mwisho wa juma, utaelewa kwa nini nchi nzima iliizungumzia. Kuna na mpira wa kikapu wa kijiji cha Taipan uliovuma mwaka 2022, ila mimi roho yangu iko kwenye mpira wa miguu.

Xijiang, kijiji kikubwa cha Wamiao, kabila jingine la mkoa huu, chenye kaya zaidi ya elfu moja, ndicho utakachoonyeshwa kwanza kwenye kila tangazo. Usiku taa zake mlimani ni nzuri. Lakini Julai watu ni wengi kiasi kwamba unasukumwa kutoka duka hadi duka, na bei zinafuata watu. Kama una siku nne, usizimalizie hapo.

Chakula. Watu wa Guizhou husema asiyekula kitu kichachu siku tatu atatembea akiyumba. Samaki wao hupikwa katika mchuzi wa nyanya na pilipili zilizochachushwa mtungini kwa siku nyingi. Mchuzi ni mwekundu, unachacha hadi masikioni, na kwa mtu aliyekulia ukwaju na embe mbichi hauna ugeni. Mama aliongeza wali mara mbili. Yeye ni Mwislamu, na hapa lazima niwe wazi: nguruwe amejaa Guizhou, na hata mboga hukaangwa kwa mafuta yake. Niliingia jikoni mwenyewe kila mlo kuomba mafuta ya mimea na sufuria iliyooshwa. Usipokuwa na mtu wa kukusemea, iandike sentensi hiyo kwa Kichina kwenye simu kabla hujaondoka. Guiyang mjini utapata vibanda vya tambi vya Waislamu wa Kihui. Tafuta maandishi 清真, yaani halali, mlangoni.

Ukitaka sehemu ambayo suala hilo halikusumbui, nenda Xining, mkoa wa Qinghai. Iko juu ya mita 2,200, asubuhi ya Julai unavaa sweta, na migahawa ya Kihui iko kila kona. Ni mbali mno kwa anayesubiri kontena. Kwa wanafunzi wenye likizo ya wiki saba au nane, sioni sababu ya kuikosa: Julai maua ya manjano ya mbegu za mafuta yanafunika bonde la Menyuan, na treni inasimama hapohapo.

Wanafunzi wengine wananiambia hawana hela kabisa. Basi ipo treni namba 5633 na ya kurudi 5634, kati ya Puxiong na Panzhihua kusini mwa Sichuan, katika milima ya watu wa Yi. Kilomita 353, vituo 26, nauli inaanzia yuan 2 na haizidi 25.5. Haina kiyoyozi. Wakulima wanapanda na mbuzi, kuku na magunia ya mboga, na watoto wanaandika kazi za shule kwenye meza za behewa.

Na kwa mtu wa pwani, siku mbili Quanzhou, mkoa wa Fujian, mji ulioingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Joto lake ni kali na Agosti kuna vimbunga, sikufichi. Lakini Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 ndiye aliyeuelezea baadaye mji huu kwa jina la Zaytun, na msikiti wake wa mawe wa karne ya 11 bado umesimama barabarani. Vigae vya vyombo vya Kichina vinavyookotwa Kilwa vilisafiri kupitia bandari za aina hii.

Mambo machache ya kukuokoa. Pasipoti yako ndiyo tiketi. Usiiache kwa wakala, na kituoni pita mlango wenye mhudumu kwa sababu mashine nyingi hazisomi pasipoti zetu. Unganisha kadi ya benki na programu ya malipo ukiwa bado mjini wenye intaneti nzuri, kisha weka na noti za yuan 10 na 20 mfukoni. Ukifikia kwa mtu binafsi, sheria inataka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia wenyewe. Nyumba moja ya wageni ilitukataa usiku, saa tatu, mvua inanyesha, kwa maneno kwamba hawapokei wageni kutoka nje. Tangu mwaka 2024 serikali ya China imesema wazi kwamba kisingizio hicho hakikubaliki, lakini usiku wa mvua hubishani na mtu wa mapokezi. Piga simu siku moja kabla, sema uraia wako, pata jibu la mdomo.

Na watakupiga picha. Watoto watakuja kukugusa nywele. Mama alianza kwa kukasirika. Siku ya tatu alikuwa anawaita yeye.

Ukiweza kuchagua, chagua wiki ya mwisho ya Agosti. Familia zimesharudi kuandaa watoto shule, mvua imepungua, mpunga kwenye matuta unaanza kugeuka. Safiri Jumatatu, rudi Alhamisi, na kiwanda mpigie simu ukiwa njiani.