Laptopu ya zamani ndo seva ya nyumbani, acheni kununua vibox

Kwenye magrupu ya Linux kila siku mtu anauliza anunue kibox gani cha seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayokaa imewaka muda wote kuhudumia vifaa vingine vya ndani, na majibu ni yaleyale, kompyuta ndogondogo kama Raspberry Pi au mini PC. Mimi nasema kama ndani una laptopu imelala tu, kioo kimepasuka au kibodi imeng'oka vitufe, hiyo ndo seva yako, na kwa umeme wetu huu wa kukatika bila taarifa inakishinda hata kifaa kipya cha dukani. Sababu ni betri. Umeme ukikatika ghafla wakati kitu kinaandikwa kwenye diski faili zinaweza kuharibika, na kadi za SD ambazo Pi nyingi zinatumia kama diski ndo hazivumilii kabisa, ila laptopu inaendelea kupiga kazi, na hata betri iliyochoka ya nusu saa inatosha kuizima taratibu.

Weka Debian (aina mojawapo ya Linux) tupu bila desktopu, ramu ya GB 4 inatosha na kubaki. Kitu cha kwanza fungua /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore kisha uwashe laptopu upya, la sivyo ukifunga kifuniko inaweza kusinzia na utabaki unajiuliza seva imeenda wapi. Cha pili ni betri yenyewe, maana kukaa kwenye chaji 100% mwaka mzima kunaichosha na nyingine zinavimba. ThinkPad nyingi zina faili /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold, andika 80 humo, au weka programu ya TLP ikufanyie kila ikiwaka. Na uikague kwa macho mara mojamoja, ikianza kuvimba itoe siku hiyohiyo, hapo hakuna mjadala.

Halafu iunganishe kwa waya kwenye ruta, achana na Wi-Fi, na kwenye ruta uiwekee IP (anwani ya mashine kwenye mtandao) isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Ruta nayo ikizima na umeme mtandao wa ndani unakufa hata kama seva iko hai, kwa hiyo tafuta kile ki-UPS kidogo cha ruta, ila soma kwanza lebo ya adapta, nyingi ni volti 12 lakini zipo za 9.

Sasa bando. Kama nyumbani kuna mashine tatu nne za Debian au Ubuntu, kila moja inashusha masasisho yaleyale kivyake na hela inayeyuka. Weka apt-cacher-ng kwenye seva, programu inayotunza nakala ya vifurushi vilivyoshushwa, inasikiliza kwenye poti (mlango wa mtandao) 3142, kisha kwenye kila mashine tengeneza faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/ lenye mstari huu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Mashine ya kwanza ikishusha kifurushi, zingine zenye toleo hilohilo zinakichukua humohumo ndani bila kugusa intaneti. Kwangu hii ina thamani kuliko Pi-hole ambayo kila mtu anaisifia, japo Pi-hole nayo weka, inazuia matangazo mengi kwa simu zote za nyumbani. Usiongeze tu DNS (huduma ya kutafuta anwani za tovuti, ndo kazi ya Pi-hole) ya pili kwenye ruta ukidhani ni akiba, simu zitapita hukohuko na matangazo yatarudi.

SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mashine nyingine, usiiache na paswedi. Tengeneza ufunguo kwa ssh-keygen -t ed25519, upeleke kwa ssh-copy-id, ndo uweke PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya SSH ya seva. Kabla ya kuiwasha upya piga sudo sshd -t ikague makosa, na dirisha ulilomo usilifunge mpaka umejaribu kuingia kwa dirisha lingine.

Kuingia ukiwa nje, angalia kwanza IP ambayo ruta imepewa na mtandao. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127 uko nyuma ya NAT ya kampuni ya intaneti, yaani wateja wengi mnatumia IP moja ya nje, kufungua poti kwenye ruta hakutakusaidia chochote. Kodi VPS (seva ya kukodi iliyoko mtandaoni) ndogo ya bei rahisi, unganisha kwa WireGuard, njia ya siri ya VPN ambayo iko ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na seva ya nyumbani uiwekee PersistentKeepalive = 25 ili njia isijifunge.

Diski ya laptopu ya zamani ni ya zamani pia, kwa hiyo picha za familia zisikae hapo peke yake, zinakili kwa programu ya rsync kwenda diski ya nje, ukimaliza ichomoe uihifadhi mbali na umeme, na siku moja moja jaribu kufungua faili kutoka huko uone kama kweli linafunguka.