Othello na neno "mno"

Othello anapoanza maneno yake ya mwisho, mkewe Desdemona amelala kitandani amekufa, na aliyemziba pumzi ni yeye mumewe. Wakuu waliomo chumbani wanataka kumfunga. Anawaomba kwamba watakapoandika habari zake wasimpunguzie wala wasimwongezee. Wamtaje kama mtu aliyependa bila busara, ila alipenda mno.

Tamthilia hii ya Shakespeare ilichezwa katika kasri la Whitehall, London, Novemba 1, 1604, na tangu hapo mstari huo hunukuliwa kama sifa. Mimi unanisumbua. Magazeti yetu nayo huandika kwamba mume kamuua mkewe "kwa wivu wa mapenzi", na hapo mapenzi ndiyo yanayobeba lawama, huku mkono ulioua ukipata kivuli.

Hata hivyo, wanaomtetea Othello hawabahatishi. Mhakiki A. C. Bradley, katika kitabu chake cha 1904, alimwona kuwa mtu mwenye moyo mkuu, asiye na wivu wa asili, aliyenaswa na hila za Iago, ofisa wake aliyemdanganya kwamba mkewe anazini. Tamthilia inampa ushahidi. Katika tendo la tatu, kabla sumu haijamwingia, Othello anamtazama mkewe akiondoka na kusema kwamba siku atakapoacha kumpenda, ulimwengu utakuwa umerudi kwenye vurugu. Sisikii unafiki pale. Tena ni jemadari mweusi katika dola ya wageni, ambaye baba mkwe wake alimshtaki kwa uchawi; hana ndugu wa karibu wa kumwambia "hebu tulia kwanza". Na mwishowe anajihukumu mwenyewe, hatafuti kuponea.

Mshairi na mhakiki T. S. Eliot, mwaka 1927, alisikia jambo jingine katika wasia ule: mtu anayejiliwaza, ambaye mawazo yake yamemwacha Desdemona na kumrudia yeye mwenyewe. Nilipousoma tena polepole, nilimwelewa Eliot. Mna utumishi wake kwa dola, mna lulu iliyotupwa, mna machozi, mna adui aliyemuua kule Aleppo. Jina la Desdemona hamna. Aliyependa mno anamkumbuka mpenzi wake kama kito kilichompotea.

Dalili zilikuwapo mapema. Akijitetea mbele ya mtawala wa Venice, Othello anasema Desdemona alimpenda kwa hatari alizopitia, naye akampenda kwa kuwa alimhurumia. Ni maneno matamu, lakini sikiliza vizuri: alichokipenda ni sura yake mwenyewe machoni pa yule binti. Sura hiyo ilipotiwa doa, leso moja ya mkewe, iliyoonekana mikononi mwa Cassio, luteni wake, ikatosha kuwa ushahidi wa uzinzi. Desdemona alimsihi amwite Cassio aulizwe. Hakungoja.

Sikatai kwamba alimpenda. Ninachokataa ni hilo neno "mno", maana kilichomwangusha kilikuwa uhaba wa imani. Mstari wa mapenzi ambao ningetaka watu waukariri umo katika tendo la tano, lile la mauaji. Othello anamtaka mkewe azikumbuke dhambi zake. Desdemona anajibu kwamba dhambi zake ni mapenzi aliyo nayo kwake. "Ndiyo, na kwa hayo unakufa," anasema mume. Ndipo Desdemona anasema: kifo kinachoua mtu kwa sababu amependa ni kinyume cha maumbile. Mwenye kuuawa ameshaujibu ule utetezi kabla haujatolewa.

Inauma kwamba dakika chache baadaye, Emilia, mtumishi wake, anapomuuliza nani kamtenda hivi, Desdemona anayekata roho anasema hakuna mtu, ni yeye mwenyewe, na anaomba asalimiwe bwana wake mwema. Wapo wanaosifu hapo kama kilele cha upendo. Emilia hakukubali, alipiga kelele hadi ukweli ukatoka, na Iago, mumewe, akamchoma kisu.

Othello akishajiua, Cassio anasema alikuwa na moyo mkuu. Lodovico, mjumbe wa Venice, anaamuru kitanda kifunikwe kwa kuwa kinatia macho sumu, kisha anamkabidhi Gratiano, ami yake Desdemona, nyumba na mali ya Othello. Jina la Desdemona halitajwi tena.