Istilahi 80 na Samaki wa Daku

Binti wa dada yangu, aliye kidato cha nne, amekuja Amu, yaani Lamu, likizo hii na karatasi nne zilizotolewa nakala hadi herufi zikafifia, na ndani yake mna istilahi 80 za fasihi, za uandishi na za hoja ambazo ametakiwa kuzihifadhi kwa Kiingereza kabla shule hazijafunguliwa. Siku ya pili ya kukariri kwake, kaka yake alitumwa sokoni akanunue samaki wa mchana, naye akarudi alasiri imekwisha kuswaliwa. Mama yangu alimpokea kikapu, akatabasamu, akasema, "Ahsante, mwanangu, hukukawia hata kidogo, tutamla daku." Ramadhani ilikuwa bado miezi mingi. Binti huyu alicheka kuliko sote, kisha akainamia karatasi yake na kuendelea kukariri maana ya "irony" kana kwamba ni jambo linalotokea London peke yake.

Sikumlaumu yeye. Niliichukua karatasi nikaisoma, na mfano wa kwanza wa tashbihi niliokutana nao ulikuwa wa msichana mweupe kama theluji, kitu ambacho hapa Amu jamaa yake wa karibu ni barafu ya kuhifadhia samaki. Mtoto anayeamka kila asubuhi kwa sauti za punda na kulala kwa mashairi ya harusi ya jirani anafundishwa kufananisha vitu kwa kitu asichowahi kukigusa, halafu tunashangaa kwamba akifika kwenye shairi asiloliona kabla hawezi kuonyesha tashbihi iko wapi. Na mtahini, kwa taarifa ya walioandaa karatasi ile, hatamwomba maana ya istilahi. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumalizia sekondari Kenya, mwanafunzi hupewa kifungu au shairi, akatakiwa aitaje mbinu, aitolee mfano kutoka humo humo, na mara nyingi aeleze imefanya kazi gani. Maana iliyokaririwa haimfikishi hata kwenye nusu ya alama.

Dai langu ni moja: istilahi hizi ni majina ya vitendo ambavyo mtoto wa pwani amekwisha kuvitenda na kutendewa, kwa hiyo tumwonyeshe kwanza kitendo, jina lifuate. Chukua sitiari. Neno letu limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kuazima, na yeyote aliyewahi kutumwa kwa jirani kuazima sufuria anajua kwamba kitu cha kuazima hutumika kwa shughuli yako huku kikibaki cha mwenyewe. Waingereza nao walichukua "metaphor" kwa Wagiriki, na asili yake ni kubeba kitu ukakivusha upande wa pili. Nilimwambia binti: wewe unayevuka kutoka Mokowe kila shule zikifungwa, umebebwa na mashua kutoka bara ukatua kisiwani, na wewe ni yule yule ila uko mahali pengine, basi neno likifanyiwa hivyo, ndiyo hiyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, mbona hawakuandika hivyo?" Sikuwa na jibu la adabu.

Kinaya, jina letu la "irony", nacho kina mkasa wake. Wanaosoma balagha, yaani elimu ya ufasaha, ya Kiarabu misikitini wanalijua neno hilo kwa maana ya kugusia jambo bila kulitaja, kama kusema jivu la fulani ni jingi ukikusudia kwamba ni mkarimu na moto wa jikoni kwake hauzimiki. Sisi katika Kiswahili cha shule tumelipeleka kwenye kusema kinyume cha unachokusudia. Mtoto anayesoma pande zote mbili ana haki ya kuchanganyikiwa, na hakuna anayemwonya.

Ukinzani wa taswira ungefundishwa kwa utenzi wa kale wa Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayaonyesha madaka, vile vishubaka vya ukutani, ya nyumba za Pate, kisiwa jirani, yaliyopangwa vyombo vya kaure, kisha anatuonyesha makinda ya ndege yakilala humo. Madaka kama hayo yamo kwenye ukuta wa sebule ambamo binti alikuwa ameketi.

Istilahi za hoja ziko barazani, bure. Jioni moja wazee wawili walibishana kuhusu bodaboda kuingia katika mji wa kale. Mmoja alisema, kwa uzito uleule wa mtu anayelipa deni, kwamba ni kweli mgonjwa hufika hospitali upesi, kisha akageuka: lakini vichochoro hivi vilipimwa kwa bega la mtu na mzigo wa punda, na mtoto atakayegongwa mlangoni kwao naye atahitaji hospitali hiyo hiyo. Kukubali, kisha kujibu, katika sentensi moja, na binti alikuwa hatua mbili kutoka hapo akisoma maana ya vitendo hivyo kwenye karatasi. 

Nakiri, shingo upande, kwamba jina lenyewe lina kazi. Mwanafunzi akieleza vizuri alichokiona lakini asijue kukiita kwa Kiingereza, atapoteza alama, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni hana nafasi ya kumpeleka kila mmoja barazani. Karatasi ile ingepunguza kuniudhi, ingawa si sana, kama pembeni ya kila istilahi ingeachwa nafasi tupu ya mtoto kuandika alichokisikia nyumbani.

Tumeichora nafasi hiyo wenyewe kwa kalamu ya risasi. Mbele ya "irony" ameandika "samaki wa daku", kwa Kiswahili, na amekataa kulitafsiri. Tumefika istilahi ya 23, na mashua yake inaondoka Jumapili.