Mgombea Asiye na Kadi

Majirani zangu hapa Arusha wameamua kwamba, kwa kuwa mimi ndiye ninayelalamika kuliko wote mtaa mzima, nigombee udiwani. Nami huwauliza: kwa tiketi ya nani? Najua kusoma na kuandika, akili ninazo, na sidaiwi na mtu isipokuwa mangi wa dukani. Ila chama sina. Katiba kwa urais na ubunge, na sheria kwa udiwani, zinataka mgombea apendekezwe na chama cha siasa.

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki ya kugombea bila chama mpaka viatu vikaisha soli. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia, na Bunge likaharakisha kuirekebisha Katiba ili kuizima hukumu hiyo. Mwaka 2006 akashinda tena, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kuwa hilo ni suala la kisiasa na Bunge ndilo liamue. Yaani wabunge, ambao karibu wote wameingia bungeni kwa kadi za vyama, ndio waamue kama asiye na kadi ashindane nao! Ni sawa na kuwauliza madereva wa daladala kama bodaboda ziruhusiwe kupakia abiria kituoni.

Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako papa hapa Arusha, ilitamka kuwa katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Nikafurahi kama mwenye kesi. Sheria mpya ya uchaguzi ilipokuja mwaka 2024 niliisoma kwa miwani ya mke wangu, nikamkuta mdhamini wangu wa lazima, chama, ameketi palepale. Na nikitaka kupita njia ya Mchungaji, mwaka 2019 serikali ilikwisha kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Mke wangu anashauri nijiunge na chama chochote, hata kile ambacho ofisi yake ni simu ya mwenyekiti. Nimemweleza kwamba nikishinda, kisha nikakorofishana na mwenyekiti huyo akanivua uanachama, kiti nacho kinakwenda. Kata nzima inanichagua, watu wachache wenye muhuri wananiondoa, na uchaguzi mdogo unalipiwa kwa kodi ya wale wale walionichagua, nami nikiwamo.